Majani Yafike Baridi

Karani wa majani katika kituo chetu haangalii gunia kwa macho kwanza. Hutia mkono. Huupenyeza katikati ya majani mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo kidogo huku akitazama vilima vya upande wa pili kama mtu anayesikiliza redio ya mbali, kisha huutoa na kusema neno moja. Akisema "mizani," gunia linatundikwa na kupimwa. Akisema "rudisha," hakuna maombi yatakayosaidia. Majani ya chai yakipata joto kabla ya kufika kiwandani huanza kuiva yenyewe, yanageuka rangi ya kutu pembeni, na kiwanda hakitaki jani lililoanza kazi bila kuambiwa.

Naanza na mkono huo kwa sababu mama yangu alipoamua kununua gari, mwaka niliomaliza chuo na kurudi nyumbani kungoja kazi, aliuliza maswali mawili tu. La kwanza: litapanda kile kilima cha mtoni mvua ikinyesha? La pili: majani yangu yatafika yakiwa baridi?

Tuna mashamba mawili. Moja limezunguka nyumba yetu, juu kidogo ya Kiptere. Lingine, ambalo mama aliachiwa na mama yake, liko ng'ambo ya mto, mahali ambapo barabara hushuka kama ngazi na kupanda kama ukuta. Kwa miaka mingi majani ya ng'ambo yalikuja kituoni kwa migongo ya wanawake au kwa bodaboda, na siku za utelezi yalifika lori la kiwanda likiwa limeshaondoka, limebaki tope la magurudumu yake tu.

"Wewe ndiye umesoma," mama akaniambia akiwa anakamua ng'ombe, bila hata kugeuka. "Chagua gari."

Sidhani alijua amenipa nini. Nilikuwa na shahada ya biashara na simu iliyojaa barua pepe zinazoanza na "tunasikitika." Hakuna mtu aliyekuwa ameniomba nichague chochote tangu nivae joho. Na mimi ni mtu ambaye nikitumwa chumvi nasimama dukani nikijiuliza ni pakiti ipi itakayoyeyuka haraka. Kuniambia "chagua gari" ni sawa na kumwambia mbuzi achague jani moja shambani.

Nilianza kwa kuuliza watu. Kwetu ukitaka maoni ya magari huhitaji kwenda mbali. Kaa kituo cha majani alasiri lori likichelewa, watu wakiwa wamemwaga majani yao mezani, wanachambua yaliyokomaa na kubakiza majani mawili ya nchani na chipukizi, halafu sema neno "gari" kwa sauti ya kawaida. Basi. Umemaliza kazi.

Wa kwanza kujibu alikuwa mjomba, kaka mkubwa wa mama, mwenye pikapu iliyonizidi umri.

"Chepto," akaanza, maana hadi leo ananiita hivyo, msichana, "gari ni chuma na injini. Hayo mengine ni shanga. Ikizima unafungua boneti, unaona shida iko wapi, unaipiga. Hizi gari za sasa ukifungua boneti unaona kifuniko ya plastiki imekuangalia."

"Na hiyo yako leo iliwaka yenyewe ama mlisukuma, boiyot?" akauliza mwalimu mstaafu, jirani yetu, ambaye humwita mjomba mzee kila anapotaka kumchokoza.

"Haikusukumwa. Ilikuwa kwa mteremko. Niliiambia tu twende."

Mwalimu mwenyewe alikuwa na stesheni wagoni ya kisasa yenye kamera nyuma na vihisio pande zote. Aliipenda, lakini alitueleza kasoro zake kwa haki, kama anayesahihisha insha ya mwanafunzi mzuri. Njia zetu zimebanwa na michai kushoto na kulia, kwa hiyo gari lake hupiga kelele kutoka langoni kwake mpaka kwenye lami. "Inafikiri kila kichaka ni mtoto anavuka," akasema. Kamera ya nyuma hufunikwa na tope siku ya kwanza ya mvua, akabaki akiifuta kwa leso kabla ya kurudi nyuma. Na breki ya mkono haikuwa ya kuvuta bali ya kubonyeza, inayotegemea umeme. Siku moja betri ilikufa mbele ya lango la kanisa breki ikiwa imeshika. "Mbele haiendi, nyuma hairudi. Harusi ikapita kando yangu kwa miguu, bibi arusi ameinua nguo."

"Kwa hivyo ungeiuza, mwalimu?" nikamuuliza, nikiwa na tumaini la kupata jibu moja lililonyooka.

"Niuze?" Alinitazama kama nimemwambia auze mke. "Hiyo inanusa mafuta tu, hainywi!"

Jirani mwingine, fundi mitambo wa kiwandani ambaye kwao ni kule ziwani, ana kigari kidogo chekundu anachokiosha kuliko watoto wake. Yeye alisema huangalia AC kwanza. Kituo kizima kikacheka.

"AC ya nini huku, omera?" mjomba akamuuliza, akimwita ndugu kwa lugha ya kwao. "Si ufungue dirisha? Baridi ya bure!"

"Cheka tu. Mvua ikinyesha na kioo cha mbele kikishika ukungu, wewe unapanguza na nini?"

Mjomba akarudi kuchambua majani.

"Si anapanguza na kofia!" akasema mwanamke mmoja kutoka upande wa mizani, na watu wakacheka tena, maana kofia ilikuwa kichwani pale pale, na ilikuwa na alama.

"Mimi nawasha AC," akasema fundi wa kiwanda, "kioo kinang'aa, nafika na kofia safi."

Nilikwenda hata Kericho mjini, nyuma ya maduka, kwa makanika aliyesifiwa na kila mtu. "Usiniulize gari gani nzuri," akaniambia kutoka chini ya gari. "Uliza gani inakujanga hapa mara mingi." Nikauliza. Spana ikatokea chini ya bampa ikaonyesha tatu zilizokuwa uani. "Hiyo, hiyo na hiyo. Lakini si ati ni mbaya. Ni vile ziko mingi." Nilitoka pale nikijua kidogo kuliko nilivyoingia. Lakini alinipa ushauri mmoja nilioutii: kabla hujapenda gari, nenda duka la spea uulize bei ya shoksi zake, zile zinazomeza mashimo ya barabara. Niliuliza shoksi katika maduka mengi kiasi kwamba mwenye duka mmoja alinikaribisha kiti akidhani ninafungua karakana.

Nilitazama video za giaboksi nikila, nikikamua, nikifua. Nilijua mafuta gani huchoma mkanda wa gia na magurudumu gani huteleza kwenye udongo mwekundu. Mwishowe, kwenye yadi moja Nakuru, nilichagua gari lililotumika Japani, lenye tumbo la juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na lenye vitu ambavyo nilivitetea kimoja kimoja kwenye simu kwa mama mpaka akasema, "Kongoi, asante, nimesikia, leta."

Mjomba alilikagua siku lilipofika. Aligonga mlango kwa kifundo cha kidole. Aliuliza tundu la ufunguo liko wapi, nikamwonyesha kitufe cha kuwashia. Aliangalia vyuma viwili virefu vilivyolala juu ya paa.

"Na hivi ni vya kushikilia nini? Mvua?"

"Ni reli za paa, mjomba. Mtu anaweza kufunga kitu."

"Shanga," akasema, akaenda zake.

Kati ya shanga hizo kulikuwa na moja niliyoipenda kimoyomoyo kuliko zote. Viti vya mbele vilikuwa na joto. Kando ya gia palikuwa na swichi mbili zenye picha ya kiti na vimstari vitatu vilivyopinda kama mvuke. Ukibonyeza moja inabonyea na kubaki hivyo, na baada ya muda mfupi kiti kinapata uvuguvugu mgongoni. Mama ameinama kwenye umande tangu akiwa msichana, kikapu mgongoni, aproni ya plastiki ikichuruzika maji kwenye gambuti. Siku ya kwanza sikumwambia. Nilibonyeza tu swichi ya upande wake. Alikuwa na chupa ya chai mapajani.

"Nani amemwaga chai?" akauliza baada ya muda, akijipapasa.

Nilipomweleza alinitazama kwa mashaka, akausogeza mgongo, akaegemea. Akabaki hivyo mpaka nyumbani. Tulipofika alibaki ndani akidai anatafuta leso.

Lakini mama ni mtu wa haki, na mjomba ni kaka yake. Mjomba alikuwa na rafiki huko Litein mwenye pikapu, aliyetaka kubadilishana na gari kama letu, gari kwa gari. Mama akatuweka mezani wote wawili, akatumiminia chai, akatoa hukumu.

"Tutaangalia mzunguko mmoja wa kuchuma shamba la ng'ambo. Majani yakifika kituoni baridi, hii inabaki. Yakirudishwa, tunachukua pikapu. Kwisha."

Mjomba alikunywa chai yake kama mtu aliyekwisha kushinda. Mimi yangu ilipoa. Sikuogopa kupoteza viti vya joto, wala kulizoea gari kisha kulikosa. Niliogopa kwamba likirudi Litein, mama hatanikemea. Angekuwa mpole. Na hangeniambia tena, akiwa amenipa mgongo, kana kwamba ni jambo la kawaida: chagua.

Swali la kwanza gari lilijibu vizuri. Mvua ilinyesha siku hiyo hiyo, mvua yetu ya alasiri yenye mawe, na nikapanda kile kilima cha mtoni nikiwa nimeuma ulimi, magurudumu manne yakikwaruza na kushika, mpaka nikatokea juu karibu na kituo cha majani. Nikasimama pale kwa fahari, mguu kwenye breki. Na injini ikazima.

Ilitakiwa kuzima. Gari hilo hujizima likisimama ili kuokoa mafuta, na hujiwasha ukiinua mguu. Hilo nilikuwa nimelisoma sana. Wanawake waliokuwa kituoni hawakulisoma.

"Imezima! Imezima kwa kilima!"

Kabla sijapata kushusha kioo walikuwa wamekwisha kuwa nyuma, gambuti zimechimba udongo, wanasukuma gari lililoshikwa breki. "Moja, mbili!" Nilitaka kueleza. Nikajiuliza ni vipi nieleze bila kuonekana ninajivuna. Nikajiuliza pia kama ni adabu kuwaacha watu wazima wasukume bure. Katika kujiuliza huko mguu ukainuka, injini ikaamka, gari likaenda, na nyuma yangu zikapigwa vigelegele.

"Imekubali!" wakashangilia.

"Nilisema," mjomba akawaambia kutoka kwenye meza za kituo. "Zote zinasukumwa."

Nilishusha kioo nikawashukuru. Ningefanya nini?

Siku ya kuchuma shamba la ng'ambo ilipofika, asubuhi kulikuwa na ukungu mzito. Mama alipanda mbele, akabonyeza swichi yake mwenyewe, sasa akiijua kama anavyojua lango la zizi. Tulichuma pamoja na wanawake wanaotusaidia mpaka jua lilipokuwa juu, kisha tukapakia. Nililaza viti vya nyuma, tukapanga magunia ya neti mpaka yakagusa dari. Likabaki gunia moja. Mama akasema liketi mbele. Yeye na wenzake wangepita darajani kwa miguu, tukutane kituoni.

Nilipowasha tu, gari likaanza kulia. Tiii, tiii, tiii. Kwenye dashibodi ikawaka picha nyekundu ya mtu asiyefunga mkanda. Gunia lilikuwa zito, gari likaamini ni abiria. Nilijaribu kulivumilia nikashindwa, nikalifunga gunia mkanda. Likakaa wima, limetulia, kama mke wa mchungaji anayepelekwa semina.

Nikiwa bado mtoni mvua ikashuka. Nikafunga vioo vyote. Nilipofika juu lori lilikuwa halijafika na foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo nikakaa ndani, nikaacha injini ikiwaka na AC kidogo ikipuliza kioo cha mbele kisishike ukungu, kama nilivyoshauriwa na fundi wa kiwanda. Nilikuwa na furaha. Nilianza hata kufikiria maneno ya kumwambia mjomba yasiyokuwa na kiburi.

Lori lilipofika na zamu yangu ikawadia, karani alifungua mlango wa mbele, akalifungua gunia mkanda bila kuuliza swali, akatia mkono. Kwa kawaida mkono ule hukaa. Safari hii aliutoa kama aliyegusa sufuria.

"Hii umepika," akasema.

Watu wakaja. Fundi wa kiwanda akapeleka kiganja chake kwenye kiti, akaruka. "Haki ya nani, kiti kina moto! Ni jiko hii!"

Hapo ndipo nilipoona swichi ya mama, imebonyea vilevile alivyoiacha asubuhi.

"Ongeza maziwa na sukari," akasema yule mwanamke aliyeicheka kofia ya mjomba, "tunywe hapa hapa, lori liende tupu!"

Walicheka mpaka mwalimu akavua miwani kuifuta. Hata mimi nilicheka, ile sauti nyembamba ya mtu asiyejua kama ameruhusiwa. Karani akatia mkono kwenye magunia ya nyuma, moja baada ya lingine. Hayo hayakukalia moto, lakini yalikuwa yamebanana mpaka darini, vioo vimefungwa, yakipumuliana.

"Hata haya yameanza," akasema kwa upole. "Rudisha. Yote."

Mama aliwasili wakati huo, kitambaa cha kichwa kimelowa. Hakuhitaji kuelezwa, alimwona kaka yake anavyojitahidi kutotabasamu.

"Chepto," mjomba akaniambia, "pikapu haina kiti ya moto. Pikapu nyuma haina hata kiti."

Tuliyamwaga majani yale kati ya mistari ya michai ya nyumbani yawe mbolea. Yalinukia vizuri sana, jambo ambalo halikunisaidia. Nilingoja mama aseme kitu. Alikung'uta gunia la mwisho, akalikunja.

"Upande wa juu wa shamba la ng'ambo bado haujachumwa," akasema. "Mzunguko haujaisha."

Alisema hivyo tu, akaenda kuwasha moto. Mjomba alipoarifiwa alikubali, lakini akasema siku hiyo atakuja kituoni na rafiki yake wa Litein na pikapu yenyewe, tusipoteze wakati.

Nilifikiri mambo yote ambayo mtu anaweza kufikiri. Kuacha vioo wazi: mvua itaingia. Kujaza magunia nusu: safari nyingi, lori litaondoka. Kuwasha AC kwa nguvu: nilijiona nikiendesha nimevaa makoti mawili, majani yakitetemeka nyuma. Nilikuwa uani nikilizunguka gari kwa mara nyingi kuliko jogoo wetu, nilipoinua macho nikaona zile reli mbili za paa, zimelala pale tangu Nakuru, hazijashikilia hata mvua.

Mwalimu alikuwa na keria ya chuma, ya kubebea mizigo juu ya paa, iliyotoka kwenye gari lake la zamani. Niliikuta stoo, kuku wamelala juu yake kwa vizazi.

"Chukua," akasema, "lakini jogoo atakudai."

Niliisugua kwa brashi na sabuni mpaka mikono ikauma. Kisha wasiwasi ukaanza upya. Juu ya paa majani yatapata upepo, sawa, lakini yakinyeshewa karani atakata uzito wa maji, au atayakataa kabisa. Nikiyafunika turubai yatapata joto tena. Nilikaa na hilo muda mrefu. Mwishowe nilifunga karatasi pana ya plastiki kwenye kona nne za keria, nikaiinua kwa fito ikawa kama paa la kibanda, upepo unapita chini yake. Sikuamini fundo langu, kwa hiyo nilijaza magunia majani ya nepia, nikayapandisha juu, nikafunga kwa vipande vya tyubu, nikaendesha kuzunguka boma kujaribu. Ng'ombe waliona nepia inaondoka. Wakanifuata, wote, wakilia, mama akisimama mlangoni na mwiko wa ugali mkononi.

Hakuna gunia lililoanguka.

Siku ya upande wa juu, mvua iliwahi. Niliteremka na kupanda polepole, plastiki ikipiga makofi juu ya kichwa changu, na kila kofi nilidhani ni gunia linaniaga. Ndani palikuwa na nafasi tele, kwa hiyo wanawake wote waliochuma walipanda, maji yakiwatiririka. Mbele aliketi mama. Alipobonyeza swichi alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa, na mimi nikasema, "Hii ni ya watu leo."

Kituoni pikapu ya Litein ilikuwa imeshaegeshwa, na lazima niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Mwenyewe, mzee mnene mwenye koti refu la mvua, alinisalimia, "Chamgei," akazunguka gari letu akilitazama magurudumu. Mama alishuka kupanga foleni. Mzee akaomba aketi kidogo ndani akwepe mvua wakati karani anapima. Akaketi mahali pa mama.

Fundi wa kiwanda alinisaidia kuteremsha magunia. Karani akaja. Aliangalia keria, akaangalia plastiki, akaniangalia mimi, akatia mkono katika gunia la kwanza mpaka kwenye kiwiko, na macho yake yakaenda kwenye vilima vya upande wa pili.

Yalikaa huko. Nilifikiri kuhusu joto la gari linalopenya paa. Nilifikiri kuhusu kuku. Nilimwona mjomba amevua kofia na kuikunja mikononi, na nikashangaa kuona kwamba hata yeye alikuwa ameacha kutabasamu, anangoja tu, kama sisi wote.

Karani akautoa mkono, akaupangusa kwenye koti.

"Mizani," akasema.

Akatia mkono katika la pili. "Mizani." Na la tatu, na mengine yote mpaka la mwisho, ambalo alilichapa kwa kiganja kama anayempongeza ndama. "Hii ni baridi kuliko ile inatoka kwa wale wa karibu. Mlileta na ndege?"

"Imekuja na shanga," mama akasema, bila kumwangalia kaka yake.

Wanawake walipiga vigelegele, safari hii kwa jambo nililolifanya kweli. Yule mwanamke wa utani wa kofia alitaka kujua kama naweza kubeba na yake kesho. Kisha tukamkumbuka mzee wa Litein. Alikuwa bado ndani ya gari, macho nusu yamefumba, mikono tumboni.

"Boiyot," mjomba akamwita kwenye kioo. "Toka. Hatubadilishi."

Kioo kikashuka kidogo tu. "Aje hatubadilishi? Mimi nimekubali! Naweza ongeza kitu."

"Wenyewe wamekataa."

"Wewe uliniambia hii gari ni takataka."

"Hiyo ilikuwa juzi," mjomba akasema.

Ilichukua muda kumtoa. Pikapu yake iliwaka mara moja, bila kusukumwa, akaenda zake Litein akiwa amekasirika kidogo, na ndipo mjomba alipogundua kwamba amekuja na gari la rafiki yake na hana la kumrudisha nyumbani. Mvua ilikuwa imezidi. Mama alimtazama akilowa kwa muda ambao naona ulikuwa wa makusudi, kisha akahamia kiti cha nyuma na kumwachia cha mbele.

Alifunga mkanda mwenyewe kabla gari halijalia. Tulipofika karibu na lango la mwalimu nilimwona anajipapasa mgongoni, anageuka kutazama kama kuna mtu amemwaga kitu, halafu taratibu anaegemea.

"Hii kitu haiwezi haribika?" akauliza.

"Inaweza, mjomba. Waya ukikatika."

"Na ikiharibika?"

"Tutakaa baridi," mama akasema kutoka nyuma, "kama kwa pikapu yako."

Mjomba akalifikiria hilo. Kioo cha mbele kilianza kushika ukungu. Akavua kofia, akaunyoosha mkono, kisha akasita, akairudisha kichwani.

"Chepto," akasema. "Hebu washa hiyo AC ya omera."